Njaa, Shibe na Uzito: Mwili Unalinda Nini?

Mtu mzima anayekula takriban kilokalori 2,500 kwa siku humaliza mwaka akiwa amekula karibu kilokalori 900,000. Kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwilini huhifadhi takriban kilokalori 7,700, mtu anayeongezeka kilo moja katika mwaka huo amekosea mizani, kati ya nishati aliyoiingiza na aliyoitumia, kwa kiwango kisichofika asilimia moja, na wengi hawafikishi hata kosa hilo. Usahihi wa namna hii hauwezi kuwa matunda ya nia njema wala ya elimu ya lishe, maana huonekana vilevile kwa mtu asiyewahi kusikia neno kalori na kwa mnyama wa porini. Ni lazima pawe na kitu mwilini kinachopima na kurekebisha. Uchambuzi huu unafuatilia jinsi kitu hicho kilivyotafutwa kwa zaidi ya karne moja, kisha unaeleza kwa nini kinaonekana kumlinda mtu dhidi ya kukonda kwa ukali mwingi kuliko kinavyomlinda dhidi ya kunenepa. Tofauti hiyo ya nguvu kati ya pande mbili ndiyo inayoeleza mengi ambayo watu wamezoea kuyaita uvivu au ulafi.

Mahali pa kwanza kutafutwa palikuwa tumbo. Mwaka 1912 Walter Cannon wa Harvard University na mwanafunzi wake A. L. Washburn walichapisha matokeo ya jaribio ambalo Washburn mwenyewe alimeza puto dogo lililounganishwa kwa mpira na chombo cha kuandika mgandamizo, na ikabainika kwamba maumivu ya njaa aliyoyaeleza yalikwenda sambamba na kukaza kwa misuli ya tumbo lake. Ugunduzi ulikuwa wa kweli lakini hitimisho lilizidi ushahidi, kwa sababu wagonjwa walioondolewa tumbo kwa upasuaji waliendelea kusikia njaa. Katika miaka ya 1950 Jean Mayer alipendekeza kwamba kinachopimwa ni glukosi, yaani sukari iliyomo kwenye damu. Nadharia hiyo inaeleza vizuri dharura, kama vile njaa kali ya mgonjwa wa kisukari aliyezidishiwa insulini, ila haielezi siku ya kawaida, ambapo sukari ya damu hubadilika kidogo tu kabla ya mlo na haiwezi kubeba kumbukumbu ya akiba ya miezi.

Wakati huohuo watafiti wengine walikuwa wameelekeza macho kwenye haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo yenye uzito wa takriban gramu 4, ambayo huratibu joto la mwili, kiu, usingizi na utoaji wa homoni nyingi. Mwaka 1940 Hetherington na Ranson walionyesha kwamba panya aliyeharibiwa sehemu ya kati ya haipothalamasi hunenepa kupindukia, na mwaka 1951 Anand na Brobeck wakaonyesha kwamba akiharibiwa sehemu za pembeni huacha kula, hata afe chakula kikiwa mbele yake. Kwa miaka mingi vitabu vya kiada vilifundisha kuwa ubongo una kituo cha shibe na kituo cha njaa. Picha hiyo ilipendwa kwa wepesi wake kuliko ilivyostahili. Panya walionenepa hawakunenepa bila kikomo. Walifika uzito mpya, wakapunguza kula na kuulinda uzito huo, na walipokondeshwa kwa kunyimwa chakula kisha wakaachiwa, walirudi palepale. Alama inayolindwa ndiyo iliyokuwa imepandishwa, na ubongo uliendelea kuilinda kwa kutumia taarifa iliyotoka mahali pengine mwilini.

Mwaka 1953 Gordon Kennedy alitoa wazo kwamba taarifa hiyo hutoka kwenye mafuta yenyewe. Ushahidi ulipatikana katika Jackson Laboratory, mjini Bar Harbor, Maine, ambako kulikuwa na aina mbili za panya wadogo waliozaliwa na kasoro ya jeni, walioitwa ob na db, wote wanene na walaji wasiotosheka. Douglas Coleman aliwaunganisha panya ubavu kwa ubavu kwa upasuaji hadi damu zao zikachanganyika, kisha akatazama nani anamwathiri nani. Panya wa kawaida aliyeunganishwa na db aliacha kula akafa kwa njaa. Ob aliyeunganishwa na db naye alikonda akafa. Ob aliyeunganishwa na panya wa kawaida alipunguza kula. Coleman alihitimisha, takriban miaka ishirini kabla ya uthibitisho kupatikana, kwamba db hutengeneza ishara ya shibe kwa wingi lakini hawezi kuisikia, ilhali ob angeweza kuisikia lakini haitengenezi. Mwaka 1994 kundi la Jeffrey Friedman katika Rockefeller University lilipata jeni husika, na homoni inayotokana nayo, ambayo hutolewa na seli za mafuta, ikapewa jina la leptini.

Binadamu wasio na leptini kabisa wapo, ingawa ni wachache mno. Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja, mmoja wa miaka minane aliyekuwa na kilo 86 na mwingine wa miaka miwili mwenye kilo 29, ambao walizaliwa na uzito wa kawaida kisha wakaandamwa na njaa isiyokoma. Watoto wa aina hii walipoanza kutibiwa kwa leptini, njaa ilitulia na mafuta yakapungua. Laiti unene wote ungekuwa hivyo, tatizo lingekwisha zamani. Kampuni ya Amgen, iliyokuwa imelipa dola milioni 20 kupata haki za ugunduzi huo, ilikuta kwamba watu wengi wanene wana leptini nyingi tayari, na kuwaongezea kulisaidia kidogo sana.

Kilichoonekana kuwa hasara ya biashara kinastahili kuhesabiwa kuwa fundisho kubwa kuliko yote katika somo hili. Leptini husema kwa sauti inaposhuka. Ikipungua, haipothalamasi hupokea habari kwamba akiba inakwisha, na hatua zinazofuata ni nyingi kwa pamoja: hamu ya kula huongezeka, homoni za tezi ya shingo inayoongoza kasi ya matumizi ya nishati hupungua, mwili huzalisha joto kidogo, na kwa wanawake hedhi huweza kusimama, kana kwamba mwili umeahirisha uzazi hadi mavuno yajayo. Ikipanda kupita kiwango cha kutosha, ubongo hauna jipya la kusikia. Mfumo huu, kwa maneno mengine, umejengwa kutoa taarifa ya upungufu, na kuhusu ziada una machache ya kusema.

Ukubwa wa mlo mmoja husimamiwa na ishara nyingine zenye mwendo wa dakika badala ya miezi. Tumbo linapotanuka, neva ya vagasi, ambayo huteremka kutoka kwenye shina la ubongo hadi kifuani na tumboni, hupeleka habari juu. Mafuta na protini vikifika kwenye utumbo mwembamba hutolewa kolesistokinini, homoni ambayo Gibbs, Young na Smith walionyesha mwaka 1973 kuwa huufupisha mlo wa panya. Na sehemu ya chini ya utumbo hutoa GLP-1, ambayo itarejewa baadaye. Kinyume chake kuna grelini, homoni ya tumbo iliyogunduliwa Japani mwaka 1999 na Kojima na Kangawa, ambayo huamsha hamu ya kula. Grelini hupanda kabla ya saa ambazo mtu amezoea kula, na saa hizo zikipita hushuka tena hata asipoweka kitu kinywani. Waliofunga Ramadhani wanaijua hali hiyo bila ya kuhitaji maabara: njaa ya saa saba mchana huuma siku za mwanzo, kisha hulegea kadiri mwili unavyoizoea ratiba ya daku na futari. Stephen Woods alitoa hoja mwaka 1991 kwamba mlo, pamoja na umuhimu wake, ni tukio linaloutikisa mwili, kwa sababu humimina ghafla sukari na mafuta kwenye damu, na ndiyo maana mwili hujiandaa mapema kwa kutoa mate, asidi na insulini. Sehemu kubwa ya kile ambacho mtu aliyelishwa vizuri hukiita njaa ni maandalizi hayo.

Hapa saikolojia huingia kwa haki yake yenyewe. Mwaka 1998 Paul Rozin na wenzake walieleza habari za wagonjwa wawili waliopoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya, ambao dakika chache baada ya kumaliza chakula cha mchana waliandaliwa kingine wakakila, na mara nyingi wakaanza hata cha tatu; tumbo lilikuwa limejaa, lakini habari kwamba wamekwisha kula haikuwapo. Shibe, basi, ni kumbukumbu pia. Barbara Rolls na wenzake walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba mtu hushiba chakula kimoja kimoja: aliyesukuma sahani ya ugali akiapa kwamba hawezi tena hupata nafasi ya embe au halua, maana ladha mpya haijachosha. Kent Berridge naye alitenganisha mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya, yaani kupenda na kutaka, kwa kuonyesha kwamba panya aliyepungukiwa dopamini, kemikali ya ubongo inayosukuma kiumbe kutafuta, bado huonyesha dalili za kufurahia tamu inapowekwa kinywani mwake lakini hajisogezi kuifuata. Mtu anaweza kwa njia hiyohiyo kukitaka sana chakula ambacho hakimpi raha kubwa, na matangazo ya biashara huchochea kutaka zaidi ya kupenda. Si kila kilichoandikwa kuhusu mazingira ya kula kinastahili kuaminiwa, hata hivyo. Tafiti maarufu za Brian Wansink wa Cornell University kuhusu ukubwa wa vyombo na wingi wa chakula zilikaguliwa upya, makala zake nyingi zikafutwa, na mwaka 2018 chuo hicho kikathibitisha ukiukaji wa maadili ya utafiti.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na ni Ancel Keys wa University of Minnesota aliyetaka kumjua kwa vipimo. Ulaya ya mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa na watu wengi waliohitaji kulishwa upya, na hakuna aliyejua namna bora ya kufanya hivyo. Keys alipata vijana 36 wenye afya, waliokataa kushika silaha kwa sababu ya imani na wakajitolea kufanyiwa jaribio, akawaweka katika vyumba vilivyokuwa chini ya uwanja wa michezo wa chuo. Baada ya wiki 12 za chakula cha kutosha zilizoanza Novemba 1944, walipewa kwa wiki 24 takriban nusu ya walichozoea, kilokalori 1,600 hivi kwa siku za viazi, mkate, makaroni na kabichi, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yalipungua, walivaa nguo nzito katikati ya kiangazi, na nishati waliyoitumia wakiwa wamepumzika ilishuka kwa takriban asilimia 40. Mabadiliko ya akili yalikuwa ya kutisha zaidi: walisoma vitabu vya mapishi kwa saa nyingi, walilamba sahani, waliurefusha mlo mdogo kwa kuukata vipande na kuuchanganya na maji, walipoteza hamu ya mapenzi na ya habari za dunia, wakawa wepesi wa hasira na wa huzuni.

Walipoanza kulishwa upya hawakurudi katika hali yao kwa utulivu. Baadhi yao walikula hadi wakaumwa na tumbo, wakisema bado wana njaa. Mafuta yalirudi kabla ya misuli na kupita kiwango cha awali, na uchambuzi wa baadaye wa takwimu zilezile umeonyesha kwamba kula kupita kiasi kuliendelea hadi tishu zisizo za mafuta zilipokamilika. Jambo ambalo wasomaji wa ripoti ya Keys ya mwaka 1950 hulipita haraka ni kwamba hawa walikuwa vijana wembamba waliochaguliwa kwa uthabiti wao, ambao tayari walikuwa wamestahimili kukataa vita mbele ya taifa zima. Ikiwa tabia za watu hao ziligeuka hivyo, kumlaumu mtu wa kawaida anayeshindwa na mlo wa kupunguza uzito kwa kukosa nia ni kuhukumu kabla ya kuuliza.

Tafiti za baadaye zimeyathibitisha hayo kwa watu wanene pia. Mwaka 1995 Rudolph Leibel na wenzake walionyesha kwamba mtu aliyepungua uzito hutumia nishati kidogo kuliko inavyotarajiwa kwa mwili wa ukubwa alioufikia, na kundi la Kevin Hall lilipowapima tena mwaka 2016 washiriki 14 wa shindano la televisheni la Marekani liitwalo The Biggest Loser, miaka sita baada ya kupungua kwa kasi kubwa, lilikuta wengi wao wamerudisha sehemu kubwa ya uzito huku miili yao bado ikitumia takriban kilokalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa.

Je, mazoezi? Kuhusu hili ushahidi wenye kufikirisha ulitoka Tanzania. Herman Pontzer na wenzake walipima matumizi ya nishati ya Wahadza wa kandokando ya Ziwa Eyasi, wawindaji na wachumaji ambao wanaume wao hutembea takriban kilomita 11 kwa siku, kwa njia ya kuwanywesha maji yenye atomi zilizowekewa alama na kufuatilia kasi ya kutoka kwake mwilini. Matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha kwamba, ukishazingatia ukubwa wa mwili, Wahadza walitumia nishati sawa na watu wa Marekani na Ulaya. Maelezo ambayo Pontzer anayatetea ni kwamba mwili hupunguza matumizi mengine ya ndani pale kazi ya misuli inapoongezeka. Jambo hilo bado linajadiliwa, lakini linatosha kuonyesha kwa nini mazoezi, ambayo faida zake kwa moyo na sukari ya damu hazina shaka, huondoa kilo chache kuliko hesabu ya karatasini inavyoahidi.

Upande wa kunenepa ulinzi upo, ila ni dhaifu na haufanani kwa watu wote. Claude Bouchard na wenzake walichapisha mwaka 1990 jaribio ambalo jozi 12 za vijana pacha wa kufanana zilizidishiwa kilokalori 1,000 kwa siku, siku 84 kati ya 100. Wote walikula ziada ileile, na bado aliyeongezeka kidogo aliongezeka kilo 4.3 na aliyeongezeka sana kilo 13.3, huku pacha wakikaribiana wao kwa wao kuliko walivyokaribiana na wengine. Urithi ulizungumza hapo kwa uwazi usio wa kawaida. Kwa nini basi maumbile yaliuacha upande huu bila mlinzi mkali? James Neel alidhani mwaka 1962 kwamba majira ya njaa yaliwapendelea wenye jeni za kuweka akiba. John Speakman amepinga kwa kusema kwamba, kama ingekuwa hivyo, karibu kila mtu angekuwa mnene, na kwamba ni afadhali kufikiri kuwa binadamu walipoepukana na hatari ya kuliwa na wanyama wakali, jeni za unene ziliachwa ziyumbe bila kuchujwa. Hoja ya Speakman inaeleza vizuri zaidi kwa nini katika mtaa mmoja, wenye chakula kilekile, wengine hubaki wembamba.

Urithi haukubadilika katika miaka hamsini, chakula ndicho kilichobadilika. Mwaka 2019 Hall aliwalaza watu 20 katika wadi ya utafiti huko Bethesda, akawapa kwa wiki mbili vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi na kwa wiki mbili nyingine vyakula vya kupikwa kawaida, huku sukari, mafuta, nyuzinyuzi na protini zilizoandaliwa zikilinganishwa, na kila mmoja akiruhusiwa kula atakavyo. Katika wiki za vyakula vya viwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku, na walikula kwa kasi kubwa zaidi. Mabadiliko ya namna hiyo yamekwisha kufika Afrika Mashariki: uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta kwamba asilimia 38.5 ya wanawake wazima walikuwa na uzito uliozidi au unene, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha wanaume.

Tiba mpya zinathibitisha mahali tatizo lilipo. GLP-1 ya mwilini huvunjwa ndani ya takriban dakika mbili, lakini John Eng alipata katika sumu ya mjusi wa jangwani wa Marekani aitwaye Gila kemikali inayofanana nayo na kudumu zaidi, ambayo ilizaa dawa ya kisukari iliyoidhinishwa mwaka 2005. Semaglutidi, iliyobuniwa baadaye ili ikae mwilini kwa takriban wiki nzima, hufanya kazi kwenye ubongo, na katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021 waliodungwa kwa wiki 68 walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito. Wengi huripoti kwamba mawazo ya chakula yaliyokuwa yakiwazunguka yamenyamaza. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuiacha walikuwa wamerudisha theluthi mbili za uzito waliopoteza, jambo ambalo halishangazi kwa mfumo ambao alama yake haikuhamishwa, ilizibwa tu. Dawa hii, kama ile ya shinikizo la damu, hutibu kwa muda inapotumiwa tu.

Kwa nchi za Afrika Mashariki hilo ni swali la fedha, na pia ni swali la umri ambao alama hiyo hupangwa. Uchunguzi wa vijana wa Uholanzi waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, uliochapishwa mwaka 1976, ulionyesha kwamba waliokumbwa na njaa hiyo katika nusu ya kwanza ya mimba walikuwa na unene mwingi zaidi walipofika miaka 19, ilhali waliokumbwa nayo mwishoni mwa mimba na miezi ya mwanzo ya maisha walikuwa nao kidogo. Tanzania, ambako mwaka 2022 takriban asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, inawalea sasa watu wazima wa miji ya kesho, ambamo soda na chipsi hupatikana kila kona, kwa hiyo bajeti ya lishe ya mama mjamzito na ile ya kuzuia unene, ambazo wizara nyingi huziweka katika mafungu tofauti, huenda zinamshughulikia mtu yuleyule.